Kilo Ishirini

Toa pasi, Sechonge.
Barua imesema waziwazi: pasi haipandi melini,
wala birika la umeme, wala jiko, hata dogo.
Nitazipiga hapa hapa Chumbageni, nguo zote,
hata leso, hata mifuko kwa ndani,
na zikifika Mombasa zimejikunja
basi tutakuwa tumekunjamana nazo.

Siku saba. Si hija, si kuhama.
Wewe kanzu mbili, suruali tatu,
na lile koti la harusi ya Bakuza
ambalo kifungo chake nimekishona jana kwa uzi wa gunia,
uzi mwingine umekataa tumbo lako.
Kuna usiku mmoja, wanasema, wa kula na nahodha.
Kula na nahodha! Wewe uliyekula nao
miaka thelathini na moja, saa ile ile,
wao juu na sahani,
wewe chini tisharini, mhogo kwenye gazeti.

Dawa za presha usizitie humu.
Sanduku kubwa wanalipokea langoni, mnaonana nalo jioni,
na presha haingoji jioni.
Zitie kwenye kimkoba, na pasipoti,
na kadi ya manjano, Horohoro wataiuliza,
na miwani, na tangawizi kavu ya kutafuna.
Usinitazame hivyo.
Kupakia meli si kupanda meli.

Kanga nachukua nne. Usinihesabie.
Ya kuogea, ya kulalia, ya kujitanda,
na ile mpya niliyoinunua Barabara ya Kumi na Mbili
kwa sababu ya maneno yake:
NIMEKWENDA MATEMBEZI, MSIGAWANE VYUNGU.
Hiyo nitaivaa kituo cha basi,
Mama Shekue apate kuisoma pande zote mbili.

Nguo za kuogelea: barua imeziandika mara mbili.
Nimeisoma mara mbili. Tuendelee.

Machungwa ya Muheza hapana.
Chakula kipo usiku na mchana, wamesema.
Nimetia matano tu, ndani ya viatu.

Sasa hili halimo kwenye barua.
Mwanamvua yuko chini kabisa, penye kufulia,
hana dirisha. Mashuka elfu mbili kwa siku.
Tiketi zetu zilikatwa kwenye mshahara wake
miezi kumi na minne, na kwenye simu akicheka
kama mtu aliyeokota.
Kwa hiyo nimepakia mashuka yetu, yale ya maua ya zambarau.
Ya kwao tutayakunja vizuri tuyaweke pembeni,
yakae safi wiki nzima.
Utasema mashuka mawili katika elfu mbili si kitu.
Wewe ni karani, najua.
Mimi sikupiga hesabu.

Nimelipeleka sanduku kwenye mizani ya muuza mchele.
Ishirini na moja na robo.
Nikatoa viatu vyangu vya kisigino. Ishirini na moja kasoro.
Nikatoa machungwa mawili, nikala moja njiani.
Bado linaning'inia.
Ndipo nikashuka mpaka chini,
chini ya kanzu, chini ya koti,
nikakuta soksi nzito.

Kulabu yako ya marobota.
Ya kabla hujapewa kalamu na daftari,
mpini umeng'aa mahali pa kiganja,
ncha umeipaka mafuta ya nazi, juzijuzi tu, bado inanukia.
Langoni wangeiita silaha, Sechonge.
Sikuulizi ulitaka kumwonesha nani,
au ulitaka kusimama wapi juu kule
ukiishika na kutazama chini.

Nimeitundika msumarini nyuma ya mlango.
Soksi nimeirudisha.
Sanduku sasa linafungika bila kulikalia,
ila pale ilipolala pamebaki kibonde,
kirefu kama mkono,
na kitu cha kuweka ninacho, nafasi ninayo,
sijaweka.

Kaoge. Basi ni saa kumi na mbili.